Gari la zamani haliwaki: kufuatilia chanzo kwa wenye magari wa Tanga

Gari la miaka ishirini au thelathini likigoma kuwaka, wengi hukimbilia betri mpya. Betri inafungwa, gari linawaka, na baada ya wiki tatu mgomo unarudi uleule. Mara nyingi kilichotokea ni hiki: wakati wa kubadilisha betri, teminali, yaani vile vibanio vinavyokaa kwenye vichwa vya betri, zilifunguliwa, zikakwanguliwa kidogo na kukazwa upya, na kule kukwanguliwa ndiko kulikoliwasha gari. Betri iliyotupwa ilikuwa nzima.

Kwa Tanga hili lina uzito wake. Upepo wa baharini unabeba chumvi, chumvi inavuta unyevu, na unyevu wenye chumvi ukikaa kati ya risasi, shaba na chuma unakula maungio usiku na mchana. Gari linalolala Raskazone hupata kutu hii mapema kuliko linalolala Korogwe. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa muda mrefu kwenye maungio ya umeme kabla ya kugusa mafuta.

Vifaa vya kazi ni vichache: mita ya umeme ya kawaida, spana namba 10, 12 na 14, spana ya plagi, brashi ya waya, msasa laini, plagi moja ya akiba, na mtu wa pili wa kukushikia ufunguo. Weka gia kwenye frii, vuta breki ya mkono, zuia tairi kwa jiwe. Ukisikia harufu kali ya petroli usitengeneze cheche yoyote mpaka umejua inavuja wapi na umepaacha pakauke.

Sikiliza kabla ya kufungua kitu

Washa taa kubwa za mbele, kisha mwambie mwenzako apige stata huku wewe ukiziangalia.

Taa zikizimika kabisa na stata ikanyamaza, umeme unakatika pale pale kwenye betri: teminali imelegea au imeoza ndani, au betri imekufa. Taa zikififia huku kukisikika tak-tak-tak ya haraka, nguvu haitoshi. Betri imeshuka au kuna ungio linaloikaba. Taa zikibaki na mwanga wake na ukasikia "tak" moja nzito, umeme umefika kwenye stata ila stata haizunguki. Taa zikibaki na mwanga wake na kusiwe na mlio wowote, stata haijapata amri, na chanzo kiko upande wa ufunguo. Na kama stata inazungusha injini vizuri ila injini haishiki, betri na stata viache. Ruka hadi sehemu ya cheche na mafuta.

Betri, teminali na waya wa ethi

Pima betri asubuhi kabla ya kuwasha kitu. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni robo tu. Kipimo hicho peke yake hakitoshi, kwa sababu betri iliyochoka huweza kuonyesha 12.5 ikiwa imetulia halafu ikaanguka pale stata inapodai nguvu. Pima tena wakati mwenzako anapiga stata: isishuke chini ya volti 9.6. Ikishuka hadi 7 au 8 wakati ilionyesha 12.6 ilipotulia, hapo betri ndiyo mgonjwa, au stata inavuta umeme kupita kiasi.

Betri za kumimina maji zifunguliwe vifuniko kila mwezi, maana joto la pwani linakausha maji haraka. Maji yafunike vibati vya ndani kwa takriban milimita 10 hadi 15. Ongeza maji safi yaliyotengenezwa kwa ajili ya betri, si ya bomba wala ya kisima, na usiongeze asidi kwenye betri iliyokwisha kutumika. Kinachopungua kwa joto ni maji, asidi inabaki.

Sasa teminali zenyewe. Unga mweupe au wa kijani ukiuona kwa nje, kazi ni rahisi. Hatari zaidi ni ile ngozi nyeusi ya ndani usiyoiona, kati ya kibanio na kichwa. Fungua hasi kwanza, kisha chanya. Koroga kijiko cha magadi ya kuokea katika kikombe cha maji ya uvuguvugu, mwagia kwenye unga mpaka povu liishe, lakini yasiingie ndani ya betri. Suuza, kausha, kwangua kichwa na ndani ya kibanio mpaka risasi ing'ae. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho, kaza mpaka kibanio kisigeuke kwa mkono, halafu paka mafuta ya mgando kwa nje. Mafuta hayo ni ya kuzuia hewa ya chumvi, kwa hiyo yapakwe baada ya kukaza, si kabla.

Gari likiendelea kuzungusha kwa uzito baada ya hapo, usikisie; pima umeme unaopotea njiani. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta au waya mdogo wa chanya wa koili (kifaa kinachozalisha umeme mkali wa cheche) ili injini isishike. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Mwenzako apige stata. Kipimo kikizidi volti 0.3, waya wa ethi, yaani ule unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye injini, unakula nguvu. Fanya hivyo upande wa chanya pia, kutoka kichwa cha betri hadi boliti kubwa ya stata inayopokea waya mnene: hapo isizidi 0.5. Ukikuta volti moja nzima imepotea kwenye ethi, hata betri mpya ya bei kubwa itasumbuka.

Waya wa ethi ndio sehemu inayosahauliwa kuliko zote katika magari ya mji huu. Unatoka hasi kwenda kwenye injini au giaboksi, na mara nyingi kuna mwingine mdogo unaounganisha injini na bodi. Shaba yake huoza chini ya mpira ikageuka kijani, na kwa nje waya unaonekana mzima. Ukiukunja ukasikia unakwaruza kama mchanga, ubadilishe. Pale unapofungwa, toa rangi na kutu mpaka chuma cheupe kionekane. Dalili nyingine ya ethi mbovu ni kebo ya klachi au ya mafuta kupata moto wakati wa kupiga stata: umeme umekosa njia yake na unarudi kwa kupitia kebo hiyo.

Stata yenyewe

"Tak" moja nzito, mara ya tano au ya sita ndipo inazunguka: huo ndio ugonjwa maarufu wa Toyota za miaka ya 1990 zenye stata ya Denso. Ndani ya solenoidi, ile swichi nene iliyofungwa kwenye stata, kuna vipande viwili vya shaba vinavyokutanishwa na kisahani cha shaba. Kila ukipiga stata vinaungua kidogo, na baada ya miaka kipande kimoja kinakuwa kimelika kuliko kingine, kisahani hakivigusi vyote. Hakuna haja ya kununua stata nzima. Fungua hasi ya betri, toa stata, fungua mfuniko wa solenoidi, badilisha vipande vyote viwili na ukague kisahani. Kikiwa na shimo upande mmoja, kibadilishwe nacho.

Stata inayofanya kazi baada ya kugongwa kidogo kwa kipande cha mti ina brashi za kaboni zilizoisha. Kuigonga kunakufikisha nyumbani tu. Stata inayozunguka peke yake kwa sauti kali bila kugeuza injini ina bendiksi mbovu (gia ndogo ya stata), au meno ya flaiwili, gurudumu la injini linalozungushwa na gia hiyo, yamelika. Sukuma gari kidogo likiwa kwenye gia ili injini isogee, na ikishika baada ya hapo kagua meno.

Kusipokuwa na mlio wowote, jaribu mambo mepesi kwanza. Gari la otomatiki liweke N badala ya P. Swichi ya gia ikichoka, N huwasha pale P inapokataa. Kisha pima volti kwenye waya mdogo wa solenoidi ufunguo ukiwa kwenye stata. Kama hakuna umeme, rudi nyuma: fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), swichi ya ufunguo. Na ikiwa gari lilifungwa alamu ya dukani, tafuta palipokatwa waya wa stata ili kuunganisha rilei ya alamu. Maungio hayo mara nyingi husokotwa kwa mkono na kufungwa utepe, na chumvi haichelewi kuyafikia.

Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo, na ipumzishe walau nusu dakika kabla ya kurudia. Stata nyingi zinazoungua hazikufa kwa uzee, zimeuawa kwa kung'ang'anizwa.

Inawaka leo, kesho kutwa imekufa

Hapa tafuta kinachokunywa umeme gari likiwa limezimwa. Zima kila kitu, funga milango, fungua kibanio cha hasi, unganisha mita kwenye ampia 10 kati ya kibanio na kichwa cha betri. Subiri dakika chache. Kipimo cha kawaida kwa gari la zamani ni chini ya ampia 0.05. Nusu ampia inaonekana ndogo, lakini kwa saa 48 inanyonya saa-ampia 24, ambayo ni zaidi ya nusu ya betri ya N45 yenye saa-ampia 45. Chomoa fyuzi moja moja mpaka kipimo kishuke. Mara nyingi utaishia kwenye redio iliyofungwa baadaye au taa ya buti isiyozimika. Kama hakuna fyuzi inayobadilisha kitu, shuku alteneta, ile inayochaji betri: dayodi yake, kipande kinachozuia umeme kurudi, ikitoboka, umeme hurudi kupitia humo. Usipige stata mita ikiwa imeunganishwa hivyo, utaiunguza.

Gari likiwa limewaka, betri isome kati ya volti 13.8 na 14.5. Chini ya hapo haichajiwi vya kutosha. Juu ya 15 inachemshwa. Ipo desturi ya kupima alteneta kwa kuchomoa kibanio cha betri injini ikiunguruma. Tafadhali usikubali gari lako lifanyiwe hivyo. Betri ndiyo inayotuliza umeme. Ikichomolewa, volti huruka ghafla na huweza kuua dayodi za alteneta au kompyuta ya gari.

Inazunguka vizuri lakini haishiki

Injini ya petroli inahitaji cheche, mafuta, hewa na mgandamizo. Anza na cheche kwa kuwa kipimo chake ni cha dakika mbili. Chomoa waya wa plagi moja, uchomeke kwenye plagi ya akiba, laza chuma cha plagi hiyo kwenye injini mbali na mafuta, uishike kwa koleo lenye mpini wa mpira. Mwenzako apige stata. Cheche nzuri ni ya buluu na inatoa mlio. Ya njano na nyembamba ni dhaifu.

Msimu wa masika, gari linalokataa asubuhi na kukubali saa nne jua likichomoza vizuri lina unyevu kwenye distributa, kile kifaa kinachogawa cheche kwa plagi. Toa kifuniko chake, kifute ndani na nje kwa kitambaa kikavu, futa waya za plagi na shingo ya koili. Kisha kiangalie kwenye mwanga: mstari mweusi mwembamba kama wa penseli kati ya ncha na ncha ni njia ambayo umeme umejichongea, na kukikausha hakusaidii tena, kibadilishwe pamoja na rota, kipande kinachozunguka ndani yake. Usiku wenye giza fungua boneti injini ikijaribu kuwaka. Waya zinazovuja zitaonyesha vicheche vya buluu juu yake. Mita nayo husaidia: waya wa plagi ukizidi omu elfu 25, umechoka. Kuosha injini kwa mashine ya presha ni njia ya haraka ya kujiletea tatizo hili.

Magari ya pointi (swichi ndogo ndani ya distributa inayokata umeme wa koili), kama Peugeot 504 au Datsun za zamani, yanahitaji nafasi ya pointi ya milimita 0.4 hadi 0.5. Pointi zikiungua na kuwa na kilima upande mmoja na shimo upande wa pili, kondensa, kile kikopo kidogo kinachozilinda zisiungue, ibadilishwe nazo. Nafasi ya plagi kwa injini hizo ni karibu milimita 0.8; nyingi zenye cheche ya kielektroniki hutaka hadi 1.1. Kuna dalili moja inayowachanganya wengi: injini inashika wakati ufunguo uko kwenye stata, na ukiuachia tu inazima. Wakati wa stata koili hupewa umeme wa moja kwa moja, na baada ya hapo hupitia kizuizi kidogo cha kupunguza volti. Kizuizi hicho kikikatika, au sehemu ya swichi ya ufunguo ikilika, ndiyo tabia utakayoiona. Kabureta haihusiki.

Cheche ikiwepo, plagi zenyewe zikupe habari. Zikiwa kavu kabisa baada ya kupiga stata mara kadhaa, mafuta hayafiki. Zikilowa petroli, injini imefurika: kanyaga pedeli ya mafuta hadi chini, ishikilie hapo bila kupampu, piga stata sekunde 5 hadi 10, au toa plagi uzikaushe. Masizi meusi makavu ni mafuta mengi kuliko hewa, na hapo chujio la hewa na choki vinakuwa washukiwa wa kwanza. Kibati cha choki kifunge injini ikiwa baridi na kifunguke ikipata moto.

Kwa kabureta, zima injini, toa chujio la hewa, vuta kwa mkono mtambo wa mafuta, ule unaovutwa na kebo ya pedeli, ukiangalia ndani ya koo la kabureta. Lazima kirukie kimchirizi cha petroli. Kisiporuka, mara nyingi bakuli la kabureta ni tupu. Gari lililokaa wiki nzima kwenye joto letu hukauka bakuli, na pampu ya kusukumwa na injini inahitaji mizunguko mingi kulijaza. Hilo si ugonjwa. Ni ugonjwa ikiwa linakauka kwa usiku mmoja: kagua mipira iliyopasuka inayonyonya hewa na vali ya pampu isiyofunga. Oili ikinuka petroli kwenye kijiti chake, ngozi ya ndani ya pampu imechanika na petroli inashukia kwenye oili. Usiliendeshe gari hilo mpaka pampu na oili vibadilishwe.

Shuku pia maji kwenye tenki. Mimina mafuta ya kwenye chujio katika chupa nyeupe, yaache dakika 10. Maji hukaa chini na mstari wake huonekana wazi.

Kwa gari la injekta, yaani lisilo na kabureta, sikiliza pampu chini ya kiti cha nyuma. Ila tahadhari: Toyota nyingi za zamani hazisukumi mafuta ufunguo ukiwashwa tu, husubiri stata, kwa hiyo kimya si ushahidi wa pampu mbovu. Kwenye kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti tafuta alama FP na +B, ziunganishe kwa kipande cha waya ufunguo ukiwa umewashwa. Pampu ikilia hapo ila hailii kwenye stata, tatizo ni rilei au amri yake. Isipolia, pima umeme na ethi kwenye plagi ya pampu kabla ya kuinunua nyingine.

Gari la injekta linalofurika kila asubuhi huku cheche na pampu ni nzima lina uwezekano mkubwa wa sensa mbovu ya joto la maji. Kwa Toyota nyingi hupaswa kusoma omu elfu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Ikisoma juu sana, kompyuta inadhani injini ina barafu na inamwaga mafuta.

Inawaka baridi, inakataa ikiwa moto

Umetoka Tanga mjini mchana, umezima Muheza dakika 15 kununua machungwa, ukirudi injini inazunguka bila kushika. Injini ikizimwa maji na feni vinasimama, joto linapanda, petroli kwenye kabureta inachemka. Fungua boneti, subiri dakika 20 hadi 30, au funga kitambaa chenye maji kwenye pampu ya mafuta na bomba lake. Washa kwa pedeli iliyokanyagwa nusu bila kupampu. Ikiwa inajirudia, tafuta kipande kinene cha kuzuia joto kati ya kabureta na manifoldi; mafundi wengine hukiacha nje wakifunga gasketi tu. Hakikisha bomba la mafuta haligusi injini.

Kama cheche ndiyo inayopotea ikiwa moto na kurudi ikipoa, badilisha mawazo: ni koili au moduli ya cheche. Pima cheche wakati imegoma, sio baada ya kupoa.

Inazunguka wepesi kupita kawaida

Stata ikizungusha injini kwa kasi na ulaini usio wa kawaida, bila ile midundo ya mgandamizo, acha mara moja. Fungua mfuniko wa oili, angalia kama kamshafti, shafti inayofungua vali, inazunguka mwenzako akigusa stata kwa sekunde moja. Isipozunguka, mkanda wa taimingi unaoizungusha umekatika. Kwenye injini za 4A-FE na 5A-FE za Corolla na Carina vali hazikutani na pistoni, hivyo mkanda mpya hutosha. Kwenye injini ya dizeli ya Toyota kama 2L vali hugonga pistoni, na kila jaribio la ziada linaongeza hasara. Mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000, na gari lililonunuliwa bila kumbukumbu lihesabiwe kuwa limeshafika.

Kama kamshafti inazunguka, pima mgandamizo wa kila silinda, plagi zote zikiwa nje na pedeli ikiwa chini. Silinda ikiwa dhaifu, mimina kijiko kidogo cha oili ndani na upime tena: ikipanda, ringi zimeisha, isipopanda, tazama vali au gasketi ya kichwa.

Dizeli

Haina cheche, kwa hiyo maswali ni matatu. La kwanza, je, solenoidi ya kukata mafuta kwenye pampu ya nozeli inatoa "tik" ukiwasha ufunguo? Isipotoa, pima kama inapata volti 12. La pili, je, kuna hewa kwenye mfumo? Gari linalowaka sekunde tano, likazima, kisha likagoma, limevuta hewa: kaza mipira, bonyeza pampu ya mkono juu ya chujio mpaka iwe ngumu, na umwage maji yaliyokusanyika chini ya chujio. La tatu ni hita, yaani plagi za kupasha moto silinda kabla ya kuwasha. Zikiwa mbovu, dizeli nzima ya Tanga mjini huweza kuwaka bila shida mwaka mzima, halafu ikapanda kutoka Mombo hadi Lushoto mwezi wa saba na asubuhi ikatoa moshi mweupe tu. Hita nzima husoma karibu omu moja au chini yake. Isiyosoma kitu imekatika. Zipime zote kabla ya safari hiyo, moja moja, kibati kinachoziunganisha kikiwa kimefunguliwa, la sivyo nzima zitaficha iliyokufa. Usipulizie petroli wala dawa ya kuwashia kwenye hewa ya injini yenye hita zinazofanya kazi: huwaka kabla ya wakati na huweza kuvunja pistoni.